Jiwe la Tatu

Wanaingia dukani na simu zisizoshika mtandao,
wananunua mkate, nyanya mbili, jibini,
halafu wanashusha sauti kama wanaotafuta choo:
"Mama, ule ufuo… wa kuvua nguo?"

Huwajibu bila kuondoa kisu kwenye mkate.
Pita kanisa. Pita ghala la mahindi lenye miguu ya mawe.
Kwenye mikaratusi iliyoungua kata kushoto,
fuata harufu ya mwani.
Na kama bahari ina hasira
(huku kwetu Galisia huwa nayo siku nne kati ya saba)
panda tena hadi kinu cha maji kilichokufa.
Mto umejichimbia bwawa pale, kina cha mtu na nusu,
na hakuna atakayekuuliza suruali yako iko wapi.

Miaka thelathini na moja naelekeza.
Wajerumani, Waholanzi, mwalimu wa hesabu kutoka Lugo na mkewe,
vijana wa hapa hapa wanaojifanya wamepotea.
Naijua njia kama mtu ajuavyo sala
ya dini asiyoifuata.

Eladio alipokufa nilivaa nyeusi.
Huku nyeusi haivuliwi, inahamia mwilini.
Gauni, aproni, soksi za sufu mwezi wa Agosti,
shimizi juu ya shimizi.
Kitunguu, alinitania dada yangu Balbina.
Ila kitunguu humliza anayekimenya,
na mimi sikuwa na wa kunimenya.

Mto ule naujua kwa magoti.
Tangu nina miaka tisa, ubao mbele yangu,
nikifua mashuka ya daktari, kanzu za padri,
nepi za watoto wa watu,
shati la Eladio lenye wino wa ngisi.
Nimeupa mto nguo za kijiji kizima
zikiwa tupu, bila watu ndani yake.
Haikunipitia akilini
kwamba mambo yangeweza kugeuzwa.

Basi Jumanne moja ya Julai,
joto la kuyeyusha mishumaa ya Bikira,
nikageuza kibao mlangoni: NARUDI SASA HIVI.
Usiniulize kwa nini.
Nilikuwa napima dengu, mkono ukakataa kilo nyingine.

Maji ukiyavulia nguo yaoge. Wahenga kwao rahisi,
hawakuwa na vifungo kumi na tisa kifuani.
Nilifungua kimoja kimoja.
Kereng'ende akatua kwenye cha kumi,
nikamngoja aondoke.
Gauni likalala juu ya mwamba kama mjane mwingine,
mnene kuliko mimi.
Nikaliambia: nilindie viatu.

Tumbo halikuwa limeona jua tangu mimba ya mwisho.
Matiti yakatazama chini, yakitafuta aproni.
Nikakanyaga jiwe la kwanza. La pili.
La tatu lina utelezi wa kijani, halina heshima:
likanitupa majini, makalio yakitangulia,
nikapiga ukelele wa msichana wa miaka tisa.

Baridi ikanishika pote kwa mara moja,
makwapa, nyuma ya magoti, mahali pasipotajwa dukani.
Hakuna mkono uliowahi kuweza hivyo.
Hata wako, Eladio, nisamehe,
wewe siku zote ulianza upande mmoja.

Nilipofuta macho, ng'ambo, juu ya mwamba,
amekaa Anxo wa posta,
mweupe kama bahasha isiyoandikwa,
bila kofia, bila mkoba, bila kitu.
Tukatazamana.
"Mama Obdulia," akasema,
"barua yako ya pensheni iko kwenye pikipiki."
"Iache dukani."
"Haya."

Nyeusi nimeirudia, msidhani.
Nilipoivaa ilikuwa na joto la jua, na sisimizi wawili.
Kijiji hakijui. Au kinajua, na kinanunua dengu tu.

Jana Mholanzi mmoja ameshusha sauti.
Pita kanisa, nikamwambia, pita ghala, mikaratusi, kushoto.
Na pale kinuni uangalie jiwe la tatu, linateleza.
"Umejuaje?"
Nikamkatia mkate.
Kipande kinene, cha upande wa ganda.